Biti inapiga dramu tu, kodi haziji: shida za vinanda vya biti na pa kuanzia kabla ya fundi

Wakuu, kabla hujafunga kinanda kwenye bodaboda kukipeleka kwa fundi soma hii kwanza. Naongelea vinanda vya biti, vile unashika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, mkono wa kushoto chenyewe kinakuletea dramu, bezi, gita na nyuzi vikikufuata, iwe Yamaha za PSR, Casio za CTK na CT-X, Korg za Pa, vyote. Huku Tanga kila kwaya inacho, kila kikundi cha harusi kinacho, na malalamiko ni yaleyale, kodi haziji, kodi zinakuja za ajabu, biti inaanza yenyewe, bezi imepotea. Vingi vinavyoitwa vibovu wala sio vibovu, mtu kagusa batani bila kujua au kinanda kiliazimwa kikarudi na setingi za mtu mwingine.

Anza na skrini, usianze na bisibisi

Karibu kila kinanda cha biti kinaandika jina la kodi kwenye skrini ukiishika. Washa biti, shika C E G huku kushoto, halafu soma. Kama haijaandika kitu, kinanda hakijui kama unashika kodi, kwa hiyo angalia batani ya kodi, mpaka wa mikono, au kii zenyewe. Kama imeandika kodi nyingine, basi ama kimewekwa kusoma vidole kwa staili ambayo wewe huichezi, ama kuna kii imekufa. Mfano umeshika Am7, yaani A C E G, skrini inasema C. Hapo kii ya A haifiki, zimebaki C E G na hiyo ni C, kinanda hakijakosea chochote.

Na kama imeandika sawasawa ila masikioni sio yenyewe, mkono wako mzima na kii nzima, shida iko upande wa sauti huko, transpozi (kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima), tyuni, volyumu za vyombo, au waya wa kwenda kwenye spika. Mtu akinipigia simu swali langu la kwanza ni skrini inasemaje, na wengi hawajawahi hata kuiangalia.

Dramu zinapiga, bezi na gita hakuna

Hii ndiyo inayoongoza. Sababu ya kwanza kabisa, kodi zimezimwa. Yamaha nyingi za PSR zina batani ya ACMP, Casio mpya zina ACCOMP, Korg za Pa utakuta Chord Scan na ikiwa Off basi utapiga mpaka asubuhi utapata dramu tu. Ikizimwa hiyo, mkono wa kushoto unakuwa kinanda cha kawaida, unasikia piano ya noti unazoshika na dramu zinaendelea kivyake. Ibonyeze mara moja, jaribu tena, wengi wanamalizana hapo.

Ya pili ni mpaka wa mikono, ile kii inayogawa kushoto na kulia, kwenye menyu inaitwa Split Point. Yamaha za PSR-E zinatoka kiwandani mpaka ukiwa namba 54 kwenye menyu, kii wanayoiita F#2, kodi zinasomwa upande wa kushoto wa hapo. Sasa mtu akiushusha mpaka chini kabisa ili apate nafasi ya piano ya mkono wa kulia, wewe ukija unashika kodi mahali pako pa siku zote, kinanda kinahesabu hiyo ni melodi. Jaribio lake rahisi, shuka oktavu moja ushike kodi ileile, ikikubali basi ni mpaka. Ukisoma vitabu vya maelezo angalia jambo moja, Yamaha wanaiita C ya katikati C3, Casio wanaiita C4, kwa hiyo F#2 ya huyu ni F#3 ya yule na kii ni ileile.

Ya tatu, vyombo vimenyamazishwa kimoja kimoja. Biti ya Yamaha inaweza kuwa na njia nane, dramu mbili, bezi, kodi mbili, pedi moja na vipande viwili vya vipambo, na vinanda vya daraja la kati kwenda juu vinakuruhusu kuzima kila njia peke yake. Ingia kwenye mikisa ya ndani uangalie kama bezi iko on na volyumu yake sio sifuri.

Ya nne watu hawaijui, hasa wenye PSR kubwa kubwa. Ukishika kii tatu zinazofuatana, mfano C, C# na D, kinanda kinachukulia umefuta kodi, kinabakiza dramu peke yake. Kiganja kikigusa vibaya kwenye wimbo wa haraka inatokea hiyo, halafu ukishika kodi inayofuata kila kitu kinarudi. Mtu anaapa kinanda kina shoti kumbe ni kidole gumba.

Na ya mwisho, biti yenyewe imetengenezwa dramu tu. Casio zina ridhimu za hivyo. Kinyume chake kipo pia, Yamaha wana kundi la biti za piano ambazo hazina dramu hata moja, ukibonyeza START bila kuwasha ACMP na kushika kodi hupati hata mlio. Badilisha biti mbili tatu kabla ya kukata tamaa.

Kodi inayotoka sio niliyoshika

Hapa ndipo watu wanaliana na vinanda vyao, na mara nyingi chanzo ni kuhama kampuni. Mtu kajifunzia kwenye Casio ndogo ya nyumbani, kanisani anakuta Yamaha, au kinyume chake. Zote zina njia ya mkato ya kidole kimoja viwili ila sheria zao zinapingana kabisa.

Kwa Yamaha, kidole kimoja ni meja. Ukitaka maina unaongeza kii nyeusi iliyo karibu KUSHOTO kwake, ukitaka saba, yaani kodi kama C7, unaongeza kii nyeupe ya karibu kushoto, ukitaka maina saba unaongeza zote mbili. Kwa Casio, kwenye ile njia yao ya Casio Chord, unaongeza KULIA, na haijalishi nyeusi wala nyeupe, wao wanahesabu idadi tu. Kii moja ya ziada ni maina, mbili ni saba, tatu ni maina saba. Sasa chukua mtu wa Yamaha anataka C maina, anashika Bb na C. Kwenye Casio kii ya chini ndiyo jina la kodi, kwa hiyo anapata Bb maina. Akitaka C7 anashika B na C, anapata B maina. Wimbo wote unaenda upogo na kwaya inamwangalia yeye.

Dawa ni kuingia kwenye menyu ya vidole, Fingering au Chord Mode inategemea na kampuni, ukachagua ile inayosoma kodi kamili, Fingered. Binafsi nashauri kila mtu ahamie huko hata kama itamchukua muda, kwa sababu C E G ni C kwenye kinanda chochote duniani, haina mambo ya kushoto wala kulia.

Zipo njia nyingine za vidole zinazoleta balaa. Kama kodi zinabadilika kila ukipiga melodi ya mkono wa kulia, kinanda kimewekwa kusoma kodi ubao mzima, Full Keyboard kwa Yamaha, Fullrange kwa Casio. Inafaa kwa anayepiga piano mikono miwili, kwa mwingine ni vurugu. Kama kodi ziko sawa ila bezi inakwenda noti za ajabu, umeshika C bezi inapiga E, hapo umeshika C iliyogeuzwa, E ikiwa chini, na kinanda kiko On Bass au Bass Inversion. Hiyo inafuata noti yako ya chini kabisa. Ukirudi kwenye Fingered ya kawaida bezi inarudi kwenye C hata ugeuze kodi vipi. Kwa nyimbo za kwaya zenye bezi inayotembea mimi naipenda On Bass, ila lazima ujue umeiwasha.

Halafu kuna Smart Chord kwenye PSR-E za miaka ya karibuni. Hii unaiambia wimbo uko kii gani, yaani umesimama kwenye ngazi ya noti gani, halafu kwa kidole kimoja yenyewe inakuchagulia kodi inayofaa kwenye kii hiyo. Ukiwa C ukabonyeza D inakupa D maina, sio D meja, kwa sababu ndivyo ngazi ya C ilivyo. Ukihamia wimbo wa G bila kuibadilishia, kodi zitagongana na waimbaji. Izime kama huijui.

C6 na Am7 usihangaike nazo. Noti ni zilezile nne, kinanda kinaamua jina, mara nyingi kwa kuangalia noti ya chini. Sio ugonjwa huo.

Skrini iko sawa, masikio yanakataa

Angalia transpozi kwanza. Inaenda kuanzia -12 mpaka +12 na mara nyingi utashika C, utasoma C, sauti ikatoka D, kwa sababu jana kuna mtu aliwapandishia waimbaji akasahau kuirudisha. Bonyeza plasi na mainasi kwa pamoja, vinanda vingi vinarudi sifuri. Kama tofauti ni ndogo, sio nusu noti kamili, ni kama kinanda na gita havielewani kidogo hivi, nenda kwenye Tuning. Kawaida ni 440 Hz, na PSR-E inakubali kusogezwa kuanzia 427 mpaka 453, kwa hiyo nafasi ya kuharibu ni kubwa.

Sasa hii ni ya kwetu zaidi. Huu ni mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, taarabu iko damuni, na wapiga taarabu wanapenda kushusha E na B robo noti ili wapate ladha ya mwambao. Kwenye menyu inaitwa Scale au Scale Tune, unaishusha noti senti 50, ndiyo hiyo robo noti. Ikibaki hivyo halafu kesho yake kinanda kikaenda kwaya, C meja itasikika imepinda na A maina pia, ila kodi ambazo hazina E wala B zitakuwa safi kabisa. Hicho ndicho kitambulisho chake, baadhi ya kodi zimepinda nyingine nzima. Kwenye Korg za Pa unaweza hata kukuta mkono wa kulia umeshushwa na biti haijashushwa, basi vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe. Rudisha Scale kuwa Equal.

Na kama biti ulishusha mtandaoni, mara nyingi imetengenezwa kwa kinanda kikubwa kuliko chako. Gita za Tyros, zile Yamaha kubwa, na wenzake wanatumia sauti zao maalum ambapo kugonga kwa nguvu tofauti kunatoa mikwaruzo ya nyuzi, kinanda kidogo hakina sauti hiyo, kinaipiga kwa gita la kawaida, unasikia noti za juu zinaruka ruka bila mpangilio. Hakuna ubovu, badilisha sauti ya njia ile kwenye mikisa ya ndani kama kinaruhusu, au tafuta biti ya saizi yako. Kama haisomeki kabisa, hakikisha flashi imefomatiwa FAT32 na faili ni .sty kwa Yamaha. Biti ya Korg haiingii Yamaha hivihivi.

Nyumbani iko poa, nikichomeka kwenye mikisa ya ukumbi bezi na kiki zinapotea

Hii imewaumbua wengi kwenye harusi na wengine wakanunua kinanda kingine bure. Vinanda vidogo vina tundu moja tu la PHONES, na hilo ni stirio, kushoto na kulia kwenye pini moja. Mtu anachukua waya wenye pini ya stirio, ile ya pete mbili nyeusi, anauchomeka PHONES, upande wa pili anauchomeka kwenye chaneli moja ya mikisa. Tundu la mikisa la aina ile halijui stirio, linachukua pande mbili linatoa mmoja kwa mwingine, na chochote kilichofanana kushoto na kulia kinajifuta. Bezi, kiki (dramu kubwa) na sneya (dramu ndogo) huwa vinawekwa katikati, yaani vinafanana pande zote, vinaondoka. Vinabaki vipambo vya pembeni na mwangwi, unasikia biti imekuwa nyembamba kama inatoka kwenye redio ya jirani.

Jaribio, chomeka hedfoni za kawaida kwenye kinanda. Bezi ikiwepo, kinanda kizima. Dawa ni waya wa Y, pini moja ya stirio upande wa kinanda, pini mbili za mono upande wa mikisa, chaneli mbili, moja unaipeleka kushoto nyingine kulia. Kama kinanda kina matundu ya L/MONO na R nyuma, tumia hayo, na ukiwa na chaneli moja tu chomeka L/MONO peke yake. Usichomeke pini ya mono kwenye PHONES, unapata upande mmoja tu na ule mwingine unaushotisha. Na shusha volyumu zote kabla ya kuchomeka au kuchomoa.

Spika ya bluetooth je? Biti itakuja kwa kuchelewa, utashika kodi sasa itasikika baadaye kidogo, hakuna setingi ya kuiondoa hiyo kwenye kinanda. Tumia waya.

Biti inasimama nikiachia mkono, au inaanza yenyewe

Fupi tu. Ikisimama ukiachia kodi, ni SYNC STOP imewashwa. Kama haisimami ila bezi na gita vinakatika, kwa Korg angalia batani ya MEMORY, iwashe. Ikianza yenyewe ukigusa tu kii ya kushoto ni SYNC START, ile taa inayowaka na kuzima. Ikianza au kusimama ukikanyaga pedali, kuna mtu amempa pedali kazi ya START/STOP. Na kama pedali inafanya kinyume, sauti inavuta ukiachia na kukata ukikanyaga, ulikuwa umeikanyaga wakati unawasha kinanda. Zima, toa mguu, washa.

Noti za mkono wa kulia zinazomezwa biti ikikolea ni kinanda kuishiwa noti. PSR-E373 inabeba 48 kwa mpigo, CT-X3000 inabeba 64, na biti inakula humohumo. Zima DUAL na HARMONY, punguza sasteni.

Kinanda kinazima katikati ya wimbo

Kama kinazima kikikaa bila kuguswa ni Auto Power Off, Yamaha ndogo zinatoka kiwandani na dakika 30. Mahubiri yakirefuka ndiyo hivyo. Kwenye PSR-E shika kii ya kwanza kabisa kushoto huku unawasha, inaondoka.

Kama kinazima ukiongeza volyumu, au sauti inakwaruza biti ikijaa, ni betri zinaisha au adapta sio yake. PSR-E nyingi ni volti 12, SX700 na SX900 ni volti 16, Casio zina zao. Soma kibandiko cha nyuma ya kinanda, volti, ampea, na alama inayoonyesha plasi iko katikati au nje, usinunue kwa kuangalia tundu linaingia. Adapta ya plasi na mainasi zilizogeuzwa inaweza kuunguza bodi kwa mara moja. Ukisikia harufu ya kuungua au adapta imekuwa moto wa kutoshikika, chomoa na uishie hapo, usijaribu tena kuona kama kimepona.

Kii zenyewe

Ukishamaliza yote hayo na skrini bado inasoma vibaya, zima kodi kabisa, chagua sauti ya piano, gonga kii moja moja kuanzia kushoto. Tafuta iliyokufa, inayolia kwa shida, na inayolia bila kuguswa, maana kii moja iliyoganda chini inaongezeka kwenye kila kodi unayoshika na hakuna kodi itakayosomwa sawa. Sisi wa pwani tuna upepo wa chumvi, vinanda vinavyokaa wazi nyumba za Raskazone au Pangani huko vinashika unyevu, na chini ya kii kuna mipira yenye kaboni ambayo haipendi vumbi wala chumvi. Mende nao wanapenda joto la ndani.

Kii moja mbili zilizokufa, fundi mwenye mkono mtulivu anafungua na kusafisha mipira na bodi kwa spiriti ya isopropili na pamba, anaacha ikauke. Asipulizie ile dawa ya kulegeza nati, wala petroli. Lakini kama zimekufa kwa mpangilio, mfano kila baada ya idadi fulani ya kii, hiyo ni daiodi au waya bapa wa ndani, sio uchafu, mpelekee fundi wa elektroniki. Vile vinanda vikubwa vinavyochomeka umeme wa ukutani moja kwa moja bila adapta usifungue kabisa nyumbani, ndani kuna volti 230 na kapasita zinazobaki na chaji hata ukichomoa. Kikimwagikiwa soda au maji ya chumvi, chomoa, toa betri, usiwashe kupima, kipeleke siku hiyohiyo.

Kurudisha setingi za kiwandani

Hii iache mpaka ukwame kweli. PSR-E unashika kii nyeupe ya mwisho kulia huku unawasha, setingi zinarudi mwanzo na biti za kiwandani hazifutiki. Ila ukishika pamoja na kii nyeusi tatu za mwisho, unafuta nyimbo na biti ulizoingiza mwenyewe, na hapo hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo hamishia kwenye laptopu kwanza. Kama baada ya hapo C E G bado haiandiki C na kii zote zinalia, andika kwenye karatasi skrini inasema nini kwa C, F, G na Am, biti gani, adapta gani, umpe fundi pamoja na kinanda.